Kasoro Kwanza, Bei Baadaye

Meno ya chini yalivunjika Jumatatu asubuhi, ndani ya kipande cha mkate kilicholowekwa kwenye chai hadi kikawa kama uji. Kengele alisikia mlio mdogo, kama kijiti kikikatika, kisha kitu kikalegea upande wa kulia wa taya na kumchoma hadi sikioni. Akaweka kikombe chini. Akaingiza vidole viwili mdomoni taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, akatoa nusu ya safu: meno sita meupe yaliyoshikana kwenye ufizi wa plastiki, na katikati yake skrubu moja iliyong'oka na damu yake na usaha wake.

Mkwe wake, fundi wa friji, alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Aliangalia kilichokuwa kiganjani, akaangalia kikombe.

"Mama, ulikuwa unatafuna nini?"

"Mkate."

"Mkate gani huo?"

"Huo hapo unaoogelea."

Binti yake akatoka chumbani na kitana mkononi. Alikuwa msusi, na saa hiyo alikuwa tayari amechelewa kufungua saluni. Alipoona damu alikaa kwenye kigoda bila kukiangalia.

"Wiki saba," alisema. "Wiki saba tu. Si walisema ni ya maisha?"

Kengele alifunga kiganja juu ya meno. Ulimi wake ulikuwa unapapasa mahali palepale ambapo, wiki saba nyuma, palikuwa na meno yake mwenyewe mawili.

Aliitwa Kengele kwa sababu ya sauti. Miaka ishirini na sita alinadi nguo za mitumba, kila Jumatano na Jumamosi, amesimama juu ya meza na nguo mkononi, na aliyekuwa getini alisikia bei sawa na aliyekuwa mbele. Meza yake ilikuwa na sheria moja: kasoro kwanza, bei baadaye. Kabla hajataja hata senti, alipitisha kidole kwenye tundu la shati watu wakione upande wa pili, akaonyesha zipu iliyokufa, doa la kwapani, kifungo kilichopungua. Ndipo dau likapanda, na lilipofika mwisho alipiga makofi matatu. La tatu likishalia, hakuna kurudi nyuma na hakuna karatasi. Neno lililosemwa mbele ya watu ndilo mkataba.

Kwa hiyo ilipofunguliwa kliniki mpya ya meno mkabala na geti la soko, ikatangaza kumfungia meno bure mzee mmoja asiye na jino hata moja, watu wa soko walimsukuma yeye. Siyo yale meno ya kuvua na kulaza kwenye glasi. Haya yanafungwa kwa skrubu kwenye mfupa wa taya, nne juu, nne chini, mtu analala nayo na kuamka nayo. Kengele alikuwa na upungufu mmoja tu. Alikuwa bado na meno mawili, ya chini, mbele.

"Haya mawili, mama yangu, yatatuharibia kazi," daktari alimwambia siku ile, amechuchumaa mbele ya kiti chake kama mwana mbele ya mzazi. Alikuwa ameshamwamkia shikamoo mara mbili.

"Lakini ni mazima, mwanangu. Nakatia uzi. Ndiyo yanayonishikia maneno yasimwagike."

"Utapata ishirini na nne."

Wakayang'oa. Picha ile wanayoiita ya kabla, ile ya mdomo mtupu unaotia huruma, ilipigwa nusu saa baada ya meno yale kutoka. Walimwambia ateme pamba kidogo, atabasamu. Kisha ikaletwa karatasi ya kurasa tano yenye herufi ndogo kama mayai ya chawa.

"Kuna la kujua humu?" Kengele aliuliza.

"Yote nitakwambia kwa mdomo, mama."

"Kwetu mnadani la mdomo linatosha."

"Na kwetu pia," daktari akasema, wakapeana mikono, na Kengele akaweka alama ya dole gumba bila kusomewa. Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa la mtu aliyeishi miaka ishirini na sita mahali ambapo watu hawasemi wasichokusudia.

*

Mapokezi ya kliniki yalikuwa na viti vya bluu, kiyoyozi, na televisheni kubwa ukutani isiyo na sauti. Kengele na binti yake waliingia saa tatu. Meno yalikuwa ndani ya leso, na leso ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa binti hakutaka damu ionekane njiani.

Dada wa mapokezi alikuwa na kucha ndefu. Aligonga herufi za kompyuta kwa ncha za vidole kama kuku anayedonoa.

"Namba ya mgonjwa?"

"Sikupewa namba," Kengele alisema. Maneno yalitoka yamelowa. Juu alikuwa na meno kamili, chini nusu, na ulimi haukujua uegemee wapi.

"Bibi, sikusikii."

"Hakupewa namba," binti akasema. "Ndiye yule wa ufunguzi. Si unamjua? Wewe mwenyewe ndiye uliyemfuta kidevu siku ile."

Dada aliinua macho, akayashusha. Akadonoa tena. "Kwenye wagonjwa hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Hayupo. Nimemwona hapa kwenye matangazo."

"Kwa hiyo tangazo linaumwa," binti akasema. "Mwite daktari aje atibu tangazo."

Mzee mmoja aliyekuwa ameshika shavu alicheka, akajutia maumivu. Waliambiwa wakae. Wakakaa. Wenye namba waliitwa mmoja mmoja, hata waliofika baada yao, hata kijana aliyekuja kusafishiwa meno ambayo Kengele aliyaona hayana tatizo isipokuwa jeuri. Saa nne ikapita. Damu ilikuwa inajaa chini ya ulimi, naye alikuwa anaimeza, kwa sababu sakafu ilikuwa nyeupe na hakutaka kuomba mahali pa kutemea.

Ndipo alipoona watu wanamtazama, kisha wanatazama juu ya kichwa chake, kisha wanamtazama tena. Akageuka.

Alikuwa yeye, kwenye televisheni. Amevaa gauni la kijani walilomwazima na kumvua jioni ileile. Daktari yuko pembeni yake na koti jeupe, anampa tofaa jekundu, midomo yake inasema jambo. Kengele wa kwenye televisheni anasita. Daktari anasema tena, anatikisa kichwa kumtia moyo. Kengele analing'ata. Tofaa linapasuka, maji yanaruka, watu nyuma wanapiga makofi. Kisha yanakuja maandishi makubwa, kisha picha inaanza upya, na mama yule anang'ata tena, na tena, bila kushiba.

Yalikuwa matofaa manne, siyo moja. La kwanza mwanga ulikuwa mbaya. La pili maji yalimchuruzika kidevuni. La tatu mpiga picha alisema bibi hajang'ata, amebusu. "Ng'ata kwa nguvu, mama yangu, watu waone," daktari akasema, na ganzi ya sindano ilikuwa bado mdomoni, basi hakuhisi kitu. Akang'ata kwa nguvu. Nyumbani, kesho yake, ndipo muuguzi alipompigia binti simu na kumwambia kwa miezi mitatu mgonjwa asitafune hata ganda la mkate, mfupa bado haujashikana na skrubu. Wakaitii amri hiyo kama ya imani.

Daktari alitoka karibu saa sita. Shikamoo haikuja naye. Alifungua leso kwa ncha ya kalamu.

"Umekula kitu kigumu."

"Mkate wa chai."

"Mkate hauwezi kung'oa skrubu, bibi. Ulipewa maelekezo ya maandishi. Uliweka dole."

"Na hilo je?" binti akauliza, akanyoosha kitana kuelekea ukutani. Alikuwa amekuja nacho njia nzima bila kujua. "Hilo tofaa nani alimpa? Siku ileile, damu haijakauka?"

Daktari hakugeuka. Hakuhitaji; alikuwa anaiona picha ile kila siku.

"Lile ni tangazo," alisema.

"Na meno yaliyong'ata yalikuwa ya tangazo, au ya mama yangu?"

"Njooni ndani. Hapa kuna wagonjwa."

Ndani, muuguzi alimtoa na kile kipande kingine cha safu ya chini, akamwosha kidonda, akazifunika skrubu tatu zilizobaki kwa vifuniko vidogo vya chuma vilivyomkwaruza ulimi. Akampa dawa ya usaha. Alifanya kwa upole na bila neno, kama mtu anayemwosha maiti asiyemjua. Daktari alisubiri kwenye meza yake, na alipoanza kuongea aliongea na binti, siyo na Kengele.

"Kutengeneza upya ni kazi kubwa. Mfupa utiwe dawa, upone, iwekwe skrubu nyingine. Mtu mwingine ningemtoza kodi ya nyumba ya mwaka mzima. Yeye nitamfanyia bure tena." Akasukuma karatasi. Mara hii ilikuwa ukurasa mmoja, herufi kubwa. "Wanaotuuzia skrubu wanataka kujua sababu kila moja ikitoka. Hapa imeandikwa kwamba mgonjwa alikula vitu vigumu nyumbani kinyume cha maelekezo, na kwamba hatalizungumza jambo hili nje. Aweke dole tu."

"Na asipoweka?"

"Dada, kitu cha bure hakina dhamana."

Kengele aliitazama karatasi ile muda mrefu. Darasa la tatu alilofikia lilimtosha kusoma neno *nyumbani*. Akaifunga leso yake, akainuka. Kutoa bure kuna ubaya wake: anayetoa hujiona amenunua shukrani, na mwenye shukrani hatakiwi kuwa na mdomo.

*

Jumatano alipanda mezani. Mkwe alimwambia asiende, binti alimfichia viatu, lakini alikwenda na ndala.

Aliinua koti la mvua, akapitisha kidole kwenye mshono ulioachia. Akafungua mdomo. Juu meno yalikuwa yanang'aa kama vigae vya hoteli, chini hakuna kitu, na kile kilichotoka kilikuwa mluzi, mate na nusu ya neno. Watu wa mbele walidhani anatania.

"Kengele imepasuka," mmoja akasema.

"Juu tajiri, chini maskini."

"Bibi, tupe tafsiri."

Walicheka, na siyo kwa ubaya. Soko hucheka hata msibani. Aliinua tena, akasema tena, akajisikia mwenyewe, akashuka. Wateja walikuwa wameanza kusogea kwenye meza ya jirani, ya Mama Vifungo, aliyekuwa mshindani wake kwa miaka kumi na mbili na aliyepelekana naye mara tatu kwa mwenyekiti wa soko kwa sababu ya shubiri moja ya kivuli. Mama Vifungo alikuwa ameshika suruali juu. Aliwaona wateja wakija bila kuitwa, na haikumfurahisha kama alivyowahi kudhani ingemfurahisha.

"Nenda kapumzike, dada," alimwambia Kengele. "Robota lako nitalinadi mimi. Kasoro nitazitaja."

Hilo lilimuuma kuliko kicheko.

*

Alikwenda saluni kwa binti yake, akakaa kwenye benchi chini ya kioo. Kwenye kiti alikuwepo mteja mwenye kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Binti alimwona mama yake kupitia kioo na akajua. Akaendelea kusuka kwa nguvu.

"Weka dole, mama."

"Taratibu, dada, hicho ni kichwa," mteja alisema.

"Samahani. Mama, weka dole. Karatasi gani itakayokuua? Unakula uji asubuhi, uji mchana, jioni mchuzi kwa kijiko. Gauni linakuzunguka mara mbili. Kwa sababu ya nini?"

"Sikula kitu kigumu," Kengele alisema polepole, neno moja moja, ili lieleweke.

"Najua hukula. Mimi ndiye niliyelowesha huo mkate. Nani mwingine anayejua? Nani mwingine anayejali?"

"Kitaandikwa."

"Kiandikwe. Wangapi wanasoma?"

Mkwe alikuwa nyuma, chali, nusu ya mwili iko chini ya friji ndogo ya vinywaji ya saluni. Sauti yake ilitoka sakafuni. "Mimi mteja akiniletea friji niliyoitengeneza, imekufa ndani ya wiki saba, siwezi kumwambia umefungua mlango mara nyingi. Hasa kama mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango nikiwaonyesha majirani jinsi inavyowaka."

"Wewe friji zako zenyewe zinarudi kila mwezi," mkewe akasema.

"Zinarudi, na mimi nazipokea."

"Sheria nzuri hiyo," mteja akasema. "Ile ya kwangu ilirudi?"

"Yako haina gesi, mama, nilikwambia."

"Nyamazeni wote," binti akasema, na mikono yake ikasimama. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, na sauti ikamtoka kama ya mtoto aliyenyimwa. "Mama, heshima hailiki. Naomba uniambie unakula nini. Unakula heshima? Mimi nimechoka kukuona unageukia ukuta ukila ili wajukuu wasikuone. Walikung'oa mawili mazima, sasa huna hata hayo. Watu wale hatuwawezi. Mwenye nguvu mpishe. Weka dole, wakufunge meno, urudi mezani kwako, yaishe."

Kitana kilianguka. Hakuna aliyekiokota. Kengele alimtazama binti yake kwenye kioo, mikono ile yenye mafuta ya nywele, uso ule uliokuwa unafanana na wake kabla meno hayajaanza kutoka. Mtu akiwa peke yake anaweza kufa na ukweli wake. Akiwa na watoto, ukweli unaanza kuwala na wao.

"Jumamosi," alisema. "Nitaweka."

*

Jumamosi alivaa gauni safi. Hakutaka kusindikizwa, lakini binti alifunga saluni akamfuata nyuma hatua kumi, kama wanaokwenda safari mbili tofauti. Kengele alikuwa ameosha dole gumba la kulia kwa sabuni. Mfukoni alikuwa na leso, na ndani ya leso meno yaliyovunjika, kwa kuwa daktari alimtumia ujumbe ayalete yote, yasibaki kwake.

Bango la kliniki lilisimama upande wa pili wa barabara, usoni mwa geti la soko, kubwa kuliko nyumba anayoishi. Wiki saba alikuwa akipita chini yake kichwa kimeinama, kwa aibu ya kujiona mkubwa hivyo. Yeye, gauni la kijani, tofaa jekundu mdomoni, meno yamezama kwenye nyama yake. *Ng'ata maisha tena*, liliandikwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini wakati wa kulitundika hakuna aliyekumbuka methali hiyo.

Leo ngazi ilikuwa imeegemea bango. Juu yake kulikuwa na fundi mwenye kisu, anabandua. Alikuwa ameanzia pembe ya juu. Nywele za Kengele tayari zilikuwa zinaning'inia.

Akasimama.

"Fundi," binti aliita kutoka nyuma. "Mnabadilisha?"

"Tunashusha. Nimeambiwa lisiwepo kabla ya saa nne. Na yale matangazo ya kwenye simu wameyafuta jana."

"Kwa nini?"

"Mimi nabandua tu, dada. Ukitaka sababu, mlango ule pale."

Kengele alitazama mlango wa kioo. Kupitia kioo aliiona televisheni ya mapokezi, na televisheni ilikuwa imezimwa. Akatazama dole lake safi. Walikuwa wanamngoja aweke dole kwamba alikula nyumbani, na wakati huohuo wanafuta mahali alipokula.

"Kama kosa ni langu," alimwambia binti yake, "picha wanaificha ya nini?"

Binti akafanya jambo ambalo hakulipanga. Aliiendea ngazi, akaishika kwa mikono miwili. "Kaka," alimwambia fundi, "ukiendelea naitikisa. Pumzika kidogo."

Kengele hakuingia kliniki. Alivuka barabara hadi getini, akachukua kreti tupu la soda, akarudi nalo chini ya bango, akapanda juu. Ilikuwa saa ya watu kumiminika. Akafungua leso, akainua safu iliyovunjika juu ya kichwa chake kama alivyoinua mashati kwa miaka ishirini na sita.

"Kasoro kwanza," alisema.

Ilitoka mluzi. Kijana mmoja akacheka. Akasema tena, na tena ikatoka mluzi. Ndipo sauti nyingine ikalia kutoka getini, kavu, nzito, iliyozoea kushindana na yake.

"Anasema kasoro kwanza. Mna masikio ya mapambo?"

Alikuwa Mama Vifungo, na mkanda wa kupimia shingoni. Alikuja akasimama kando ya kreti, mikono kiunoni. "Sema, dada. Nami nitasema."

Kengele akasema, polepole, na Mama Vifungo akapokea na kurusha hadi mwisho wa barabara. Haya ni meno. Yamekaa wiki saba. Hapa yamevunjika, hapa skrubu imetoka, damu hii ni yangu. Kabla ya kuyafunga waling'oa mengine mawili mazima. Picha ya kabla ilipigwa baada. Siku ya kufungwa nililishwa matofaa manne. Yule pale juu ndiye mimi, la nne hilo. Sasa wanasema nilivunja kwa kula nyumbani, niweke dole.

Watu walitazama juu. Bango lilikuwa bado na uso, mdomo na tofaa. Kicheko kilikauka. Mbeba mizigo mmoja alitua robota lake akalikalia. Simu zikaanza kuinuka, moja, tano, kisha nyingi.

"Huo ndio upande wa kasoro," Mama Vifungo alimalizia kwa niaba yake mwenyewe. "Mwenye dau atoe."

"Hayo hata bure sichukui," mwanamke mmoja alisema.

"Bure ndiyo bei aliyouziwa, mama."

Mlango wa kioo ukafunguka. Dada wa mapokezi alitoka kwanza, akaona simu, akarudi. Kisha akatoka daktari. Alikuja kwa haraka akiwa anatabasamu kwa watu wa pembeni, na alipofika kwenye kreti aliinama kidogo.

"Shikamoo, mama yangu."

Kengele hakuitikia. Shikamoo ikabaki inaning'inia hapo, mbele ya watu wote, bila pa kutua.

"Mama, shuka twende ndani. Nitakutengeneza yote, juu na chini. Ile karatasi tuiache. Bila karatasi yoyote."

"Dau limetoka," Mama Vifungo alitangaza. "Anatoa yote, juu na chini, bila karatasi."

Binti, aliyekuwa bado ameshika ngazi, alimtazama mama yake. Alijua hesabu ya uji wa siku tano, na macho yake yalisema kubali. Kengele aliona. Hakushuka.

"Kasoro kwanza," alimwambia daktari.

"Sijaelewa."

"Umeelewa," Mama Vifungo akasema. "Hapa hauzi mtu wala hanunui kabla kasoro haijatajwa. Na aitaje mwenye mali."

Daktari alitazama simu. Akatazama bango, kwa mara ya kwanza labda tangu lilipotundikwa. Alikuwa na kijasho juu ya mdomo. Alisema kitu.

"Huku nyuma hatusikii," mbeba mizigo akasema, bado amekalia robota.

"Nilimwambia ang'ate," daktari alisema. "Siku ya kufunga. Mimi ndiye niliyemwambia."

Kengele aliinua vidole viwili.

Daktari aliviangalia. Kisu cha fundi kilisikika kikiwekwa juu ya mbao.

"Na mawili yalikuwa mazima," alisema.

Hapo Kengele akarudisha meno kwenye leso, akaifunga fundo, akaitia mfukoni. Akapiga kofi la kwanza. Mikono yake haikuhitaji meno. Lililia kama zamani, watu wa getini wakageuka. Akapiga la pili. Daktari akashusha pumzi, akanyoosha mkono wa kumsaidia kushuka.

Mikono ya Kengele ilikuwa imefunguka kwa la tatu. Ikasimama hapo, kiganja kimoja kikikitazama kingine. Akasema jambo, polepole, kwa mluzi wake.

"Anasema," Mama Vifungo akalirusha, "la tatu atalipiga siku atakayotafuna."

Akashuka mwenyewe, bila kuushika mkono ule. Juu ya ngazi fundi aliuliza kama aendelee kubandua au aache. Fundi akamtazama bibi mwenye leso, mwenye uso uleule uliokuwa mbele ya kisu chake, na bibi akatikisa kichwa: aache. Fundi akakunja kisu.